Kipimo cha NT-proBNP katika kliniki moja ya Jinja

Kliniki moja binafsi hapa Jinja inapima NT-proBNP, protini ya kwenye damu inayoonyesha kama moyo umeelemewa, na baada ya kumpeleka shangazi yangu, mgonjwa wa presha wa siku nyingi ambaye alikuwa akihema kwa kutembea kidogo na kuvimba miguu kila jioni, ninaona huduma hii inastahili kujulikana.

Misuli ya moyo huachilia protini hii katika damu pale kuta zake zinapotanuka kwa kuelemewa, hivyo kiwango chake humsaidia daktari wa kliniki ya kawaida kutofautisha moyo unaoshindwa kufanya kazi na pumu au maradhi mengine ya kifua. Sista alimtoa shangazi damu ya mshipa, akaidondosha kwenye kibao cha plastiki, akakiingiza katika mashine ndogo iliyokuwa mezani, na baada ya takribani robo saa majibu yakatoka: 1,310.

Kwa miongozo ya Uingereza, mgonjwa ambaye hajaanza matibabu akiwa chini ya 400 kuna uwezekano mdogo kuwa moyo wake unashindwa kufanya kazi. Kati ya 400 na 2,000 anapaswa kumwona mtaalamu na kupigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ndani ya wiki 6, na akizidi 2,000, ndani ya wiki 2. Faida kubwa kwetu ni hiyo, kwa sababu mashine za eko na wataalamu wa kuzisoma si wengi nje ya Kampala, na mwenye kiwango cha chini huepushwa nauli ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, ilhali mwenye kiwango cha juu huondoka na barua ya rufaa yenye uzito.

Kasoro niliyoiona si ndogo. Karatasi ya majibu ilikuwa na namba na neno "juu" basi, wala hakuna aliyeuliza habari za figo, ingawa figo dhaifu, umri mkubwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hupandisha kiwango hicho, na unene hukishusha. Tulipoomba maelezo, daktari alitueleza kwa subira, lakini mgonjwa asiyejua kuuliza angerudi nyumbani na hofu tupu.

Ninaipendekeza kwa mwenye dalili ambaye hajawahi kuchunguzwa moyo. Aliyekwisha kuambiwa kuwa vali (milango) za moyo wake zimeharibika, kama wengi waliougua homa ya baridi yabisi utotoni, anahitaji eko, na fedha ya kipimo hiki afadhali aiongeze kwenye nauli ya Mulago.