Kituo cha afya kilichonifundisha kumtunza mwanangu anapohara: uzoefu wangu

Mwezi uliopita mwanangu wa miezi 14 alihara siku mbili mfululizo. Duka la dawa nililoanzia lilinipa pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, pasipo kunieleza chochote, nami nikawa nakoroga unga huo katika kikombe cha chai, nikikadiria kwa macho. Siku ya tatu nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Tulisubiri sana, kwa kuwa muuguzi alikuwa mmoja na mabenchi yote yalijaa. Kasoro hiyo naitaja wazi, maana mtoto anayehara hapaswi kukaa kwenye foleni bila kupewa hata kijiko cha kinywaji. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alimlaza mtoto mapajani mwangu, akaifinya taratibu ngozi ya tumbo lake na kuiachia. “Angalia, Mama Furaha, inarudi polepole. Maji yamempungukia mwilini.” Kisha akataka nifinye mwenyewe, nione.

Aliniletea chupa ya lita 1 yenye maji yaliyochemshwa na kupoa, nikachanganya dawa mbele yake: pakiti nzima kwa lita nzima, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Ndipo nilipofahamu kwamba mchanganyiko wangu wa kikombe ulikuwa mkali mno na ungeweza kumzidishia kuhara. Tulikaa pale saa nne, nikimnywesha kijiko kwa kijiko. Alipotapika, tulingoja dakika 10, tukaendelea polepole zaidi. Tulipewa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10, visikatizwe hata kuhara kukikoma mapema.

Mama mkwe, aliyetusindikiza, amelea watoto saba na anaamini kwamba tumbo linalohara lipumzishwe bila chakula. Muuguzi hakumbishia. Alimwuliza kwanza uji wa mtoto hupikwaje nyumbani, akausifu, halafu akamwomba awe yeye mwenyewe wa kumlisha, kidogo kidogo na mara nyingi, huku mimi nikiendelea kunyonyesha. Heshima hiyo ilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya.

Kabla hatujaondoka alinitajisha dalili za kunirudisha pale upesi: mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au choo kikitoka na damu. Nilisahau moja, tukarudia zote tangu mwanzo.

Karatasi ya maelezo waliyonipa imeandikwa Kifaransa kitupu, na mama mkwe, ambaye ndiye anayebaki na mtoto ninapokwenda sokoni, hasomi Kifaransa. Nimeiandika upya kwa Kiswahili na kuibandika ukutani, juu ya bidoni la maji ya kunywa. Naomba kituo kiichape hivyo kwa ajili ya familia nyingine.