Jimu ya uani Tororo, barabara ya Malaba: miezi minne baadaye

Nina miaka 46, na 19 kati ya hiyo nimeipitisha nyuma ya usukani wa lori, Mombasa hadi Kampala, wakati mwingine Juba. Mwaka jana nilipimwa sukari kabla sijala, ikasoma 9.4. Daktari akanipa vidonge, akaniambia pia nianze mazoezi. Nilianzia Kampala, jimu ya vioo na muziki mkubwa. Nikalipa mwezi mzima, na siku ya kwanza mwalimu akanirukisha kamba mpaka nikatapika. Hakuniuliza hata umri. Sikurudi.

Hii ya Tororo nilionyeshwa na tanboi wangu. Ni ua uliozungushiwa mabati, sakafu ya saruji, baiskeli tatu za mazoezi, mashine moja ya kukimbilia ambayo umeme ukikatika inalala, na vyuma ambavyo nusu yake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Ukiitazama kwa nje utapita.

Siku ya kwanza Kocha hakunigusisha kitu. Alitaka barua ya daktari, akauliza dawa ninazomeza, kisha akanishika mkono akahesabu mapigo ya moyo dakika nzima, nikiwa nimekaa. Yalikuwa 88. Akaandika kwenye daftari. Akachukua 220, akatoa umri wangu, akapata 174. Akasema hayo ni makisio tu ya kiwango cha juu kabisa moyo wangu unachoweza kufika, na mwezi wa kwanza hataki kuuona ukivuka 120.

Lakini ninaandika haya kwa sababu yule mtu anaeleza. Wiki ya sita, daktari akiwa ameridhia, aliniambia, "Mzee, leo dakika moja tu, kanyaga kwa nguvu zote." Sekunde kumi za kwanza nilikuwa kijana. Zilipofika arobaini mapaja yalikuwa yanawaka moto. Nilishuka nikihema, nikamwambia hii ni sawasawa na lori lililobeba tani nyingi kupanda mlima: hewa haitoshi kwenye injini, linatoa moshi mweusi.

Akasema nimekaribia, ila kwenye moshi nimekosea. Tukakaa kwenye benchi.

Msuli, alisema, hujikunja kwa kutumia kitu kinachoitwa ATP, na akiba yake ndani ya seli ni ya sekunde chache tu. Lazima itengenezwe upya kila wakati. Zile sekunde kumi nilizojiona kijana zilitoka kwa kreatini fosfeti, akiba nyingine ndogo inayorudisha ATP upesi. Ikipungua, seli huvunja glukosi haraka haraka bila kungoja oksijeni, na kila molekuli moja ya glukosi huleta ATP mbili. Glukosi hiyohiyo ikimaliziwa ndani ya mitokondria, zile injini ndogo ndani ya seli, oksijeni ikiwepo, huleta kama 30.

"Mafuta yale yale, umbali mara kumi na tano," nikasema.

"Hiyo nitawafundishia wengine," akajibu.

Na moshi je? Moshi umeshatupwa, haurudi. Laktati, kile kinachobaki glukosi ikivunjwa haraka na ambacho wengi tunakiita asidi, inayojaa mguuni wakati ule si takataka. Ni mafuta ambayo hayajamaliza kuungua. Moyo huyachukua ukayatumia, ini huyageuza tena yakawa glukosi. Hata maumivu ya kesho yake na kesho kutwa hayatokani nayo, kwa kuwa saa moja au mbili tu baada ya kupumzika huwa imeshaondoka. Yale ni majeraha madogo madogo kwenye nyuzi za msuli, na mwili unayatengeneza. Miaka yote niliyocheza mpira nilikuwa nalaumu asidi bure.

Kuhusu sukari, nilijipima mwenyewe. Saa mbili baada ya posho (ugali) na maharage: 11.2. Nikaendesha baiskeli nusu saa, mwendo wa kuongea bila kukatika pumzi: 8.7. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango na kuvuta sukari kutoka kwenye damu bila kusubiri insulini, homoni inayoufungulia kwa kawaida, na kwa mtu ambaye insulini yake haisikiki vizuri kama mimi, hilo ni jambo kubwa mno. Siku ile ya dakika moja ya nguvu zote, sukari ilipanda kidogo. Nilishtuka. Kocha akasema mwili ukibanwa ghafla, ini humwaga sukari yake ili kuokoa hali, na baadaye hushuka. Ilishuka. Vidonge sijaacha, hilo ni la daktari.

Leo mapigo yangu nikiwa nimekaa ni 74. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na mitokondria za miguuni zimeongezeka. Mimi ninachokiona ni kwamba napanda kwenye kabati ya lori bila kushika goti.

Mapungufu yapo. Choo ni kimoja. Maji ni ya jerikani, jioni yanaisha. Akina dada wanabadilishia nguo stoo, katikati ya makopo ya zege, na hilo Kocha alirekebishe haraka kwa sababu nimeona wawili wakija mara moja wasirudi. Jumamosi asubuhi baiskeli hazipatikani.

Bei ni shilingi za Uganda 5,000 kwa siku au 90,000 kwa mwezi. Sisi wa barabarani tulipe ya siku. Wiki mbili ukiwa Juba hupotezi kitu, na daftari lako linakungoja. Hufungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukija na lori usiegeshe langoni, majirani wanakasirika. Mbele kidogo kuna uwanja wazi, mlinzi anachukua 2,000.