Siku 9 kwenye gari ya kulala na mzee wangu, Unguja mpaka Pemba: uzoefu wangu

Mie nimestaafu mwaka juzi baada ya miaka 34 ya ukunga, mzee wangu, yaani mume wangu, kastaafu kidogo kabla yangu, yeye alikuwa bandarini, na toka hapo tukawa watu wa nyumbani tu, asubuhi chai na boflo, jioni barazani, mpaka binti yetu alioko Uingereza alipotutumia picha ya jirani zake. Wazee wawili wastaafu kama sie, kila ukifika msimu wa joto wa kule wanaingia kwenye gari yao yenye kitanda na jiko wanazunguka nchi mwezi mzima. Mzee akaishika ile simu muda mrefu kisha akaniuliza, "Sasa sie Pemba tuna miaka mingapi hatujafika?" Nikahesabu, miaka 11, na mie nimezaliwa Konde. Basi ndo ilivyoanza.

Kununua gari kama ile hatuna uwezo huo, tukatafuta ya kukodi, tukapata jamaa hapa mjini kachukua Hiace za paa refu kaziondoa viti kazigeuza. Tulichukua siku 9, mwezi wa saba, na hilo la mwezi nalisema mapema maana ni muhimu: kipupwe ndo wakati wake. Upepo wa kusi unapuliza, usiku unajifunika shuka na unataka kuongeza la pili. Masika usijaribu kabisa, na mwezi wa pili joto la kaskazi litakutoa mle ndani saa nane za usiku hata feni iwe inazunguka.

Gari yenyewe sasa. Ndani mna kitanda cha mbao kinachokunjwa mchana kikawa kiti, godoro inchi 6 zuri tu, jiko la gesi la plate mbili, tangi la maji la lita 60, friji ndogo inayotumia betri ya pili, paneli ya sola juu ya paa, neti za madirisha zenye zipu, na choo cha ndoo chenye mfuniko ambacho sie hatukukigusa, tulitumia vyoo vya misikitini na vya vituo vya mafuta, na kijijini ukiomba nyumba yoyote mwanamke mwenzio hakunyimi. Gia otomatiki, mzee goti lake la kushoto linamsumbua kwa hiyo hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Ila mlango uko juu, na stepu hamna! Siku ya kwanza nilimuona mzee anavyojivuta kupanda roho ikaniuma, nikarudi kwa mwenye gari nikamwambia mwanangu hii gari mnawakodisha watu wazima, tutieni kitu cha kukanyagia. Akatupa kreti la soda. Hilo kreti nakwambia limetufaa safari nzima, kupandia, kukalia, kuwekea jiko.

Bei ilikuwa 160,000 kwa siku, jumla 1,440,000, dhamana 300,000 na mafuta juu yako. Sio rahisi kwa mtu wa pensheni, sie tuliweka kidogo kidogo mwaka mzima. Lakini piga hesabu ya chumba cha ufukweni msimu wa wageni halafu uongeze na usafiri, utaona hii ina unafuu, na chakula unapika mwenyewe.

Tulianza kusini. Jozani tumesimama asubuhi kuwaona kima punju, wale hawapo popote duniani kiasili ila Unguja, na mie miaka yote nilikuwa nawapita na gari ya kazini mbio mbio, safari hii tumekaa saa nzima tunamuangalia mama mmoja anamchambua mwanawe chawa. Kisha Makunduchi, tumeipatia siku ya Mwaka Kogwa yenyewe, sherehe yao ya mwaka mpya wa asili, wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wamevaa wanapendeza wanaimba. Wamakunduchi siku hiyo hawataki kuona mtu hana pa kula. Tukavutwa nyumba moja, na pale ndo bibi mmoja kanitazama tazama, akaniuliza, "Wewe si yule nesi ulokuwepo huku miaka ya tisini?" Nikasema ndo mie. Akaita kwa sauti, akaja kijana mrefu kavaa shati limechanika kwa migomba, jasho linamtoka, akaambiwa mwamkie huyu ndo mikono ya mwanzo kukushika. Akainama akanibusu mkono, "Shikamoo mama." Nililia jamani. Mzee naye alitazama pembeni.

Kizimkazi Dimbani tumesali adhuhuri kwenye ule msikiti wa kale. Kibla kimezungukwa na maandishi ya kikufi, yale ya Kiarabu cha kale, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, yameandikwa mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107. Ukikaa chini pale kuna ubaridi fulani unaotoka ukutani. Hatukuwa na dereva wa kutuharakisha, tukakaa mpaka alasiri ikatukuta hapo hapo, na kwangu mie hiyo ndo faida ya gari ya kulala kuliko yote, ukipenda pahala unabaki.

Sasa la ubaya, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu limetuumiza. Usiku wa tatu tulilala Michamvi. Jioni tumenunua changu wawili wazuri kwa wavuvi, mmoja tumempika na ndizi, wa pili nikamtia kwenye friji pamoja na maziwa na dawa ya macho ya mzee ambayo inatakiwa ikae baridi. Alfajiri nafungua friji, maji yanachuruzika, samaki kalegea, maziwa yameganda. Nikapiga simu kwa mwenye gari. Akasema mmeegesha kivulini, sola haikupata jua. Nikamwambia tumeegesha saa kumi na mbili jioni, jua lipi unalolizungumzia? Fundi kaja saa saba mchana, kijana mpole sana, akafungua kile kiboksi cha betri, akaniita nione mwenyewe: terminali imeota kutu ya kijani, waya ukiugusa unacheza. Chumvi ya bahari ile, gari haijafanyiwa sevisi muda. Akaikwangua kwa kisu na msasa, akapaka grisi, friji ikawaka na haijazima tena mpaka mwisho. Kazi ya dakika ishirini! Angeifanya kabla ya kutupa ufunguo tusingeumia. Dawa tulilazimika kurudi mjini kununua nyengine, nusu siku imepotea, na pole hatukupewa wala shilingi haikupunguzwa. Hapo nimewatoa maksi kubwa na sirudishi.

Kuhusu pa kulala, msidanganyike kwamba unaegesha popote. Huku kwetu gari ikikaa usiku kijijini na watu ndani, wenyewe wana haki ya kuuliza. Sie kila kijiji tukifika kabla ya magharibi, kwanza kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa pale, tunajitambulisha, tunaonyesha vitambulisho, tunamwambia tutalala usiku mmoja tunaondoka. Hakuna alotukatalia. Wa Jambiani katupa mpaka kijana wa kutuonyesha pahala. Na hapo Jambiani kuna mvuvi, mzee wa makamo, alitukuta tushaegesha vizuri chini ya mnazi, akasema, "Bwana mkubwa, leo bamvua, sogeeni nyuma." Tukasogea kama hatua thelathini. Asubuhi nimetoka na kanga yangu kuangalia, pale pale ilipokuwa gurudumu la mbele pamepita mstari wa mwani na majani ya bahari, bado mabichi. Kwa hiyo mtu wa gari hizi ajue mwezi ulivyo, ukiwa mpevu au mwandamo ndo bamvua, maji yanapanda juu sana, kaa mbali nayo, na umsikilize mvuvi.

Siku ya tano tukaingia bandari ya Malindi, hapa hapa mjini Unguja, kupakia gari kwenye meli ya magari ya Pemba. Funga mtungi wa gesi kabla, watakagua. Garini hukai, unapanda juu kwenye viti, na usiku ule kusi ilitutikisa sana, chukua tangawizi. Alfajiri tukaiona Mkoani, mzee kasimama ubavuni kwangu kanishika bega hakusema kitu.

Pemba ni vilima, sio kama Unguja. Hiace imejaa maji na vyombo inapanda inalia, teremka polepole na usikae juu ya breki muda wote, weka gia ndogo. Kutoka Chake kwenda juu ndo harufu ikaanza kutuingia madirishani. Karafuu! Msimu ulikuwa umeanza, kila mbele ya nyumba majamvi yametandikwa, karafuu zilizochumwa jana bado kijani na wekundu kidogo, za siku tatu zishakuwa kahawia, na watoto wana kazi ya kufukuza kuku. Nilimuomba mzee asimame. Nikachukua moja nikaitafuna, ulimi ukafa ganzi kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo nikiumwa jino.

Konde ndo gari ya kulala ikashindwa kazi. Mtoto wa khalti yangu katoka nje kaona kitanda garini, kashika kiuno, "Yaani wewe umezaliwa nyumba hii, ulale barabarani kama huna watu?" Sikuweza kumjibu. Usiku mbili za Konde mie nimelala ndani, mzee kalala garini kwa sababu ya kitanda kuwafikiana na goti lake, na huyo mtoto wa khalti kampelekea uji asubuhi mpaka mlangoni mwa gari. Jioni tulikaa wanawake tunachambua karafuu kwa taa, unaikata kwa kidole gumba kwenye kiganja, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, wachumaji wanahesabiwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Vidole vyangu vilinuka karafuu mpaka tumerudi mjini. Kwa hiyo kama una ndugu Pemba, panga siku za ziada, hutalala garini.

Siku moja tukapita msitu wa Ngezi kwenda mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa chuma uliojengwa 1900. Ngazi zake nyembamba zinazunguka, mzee hakuweza, mie nikapanda polepole na kijana wa pale mbele yangu. Juu upepo unakuvua mtandio. Unaona bahari upande huu na upande huu, Vumawimbi ule mchanga mweupe hauna mtu, na chini kabisa gari yetu ndogo nyeupe, mlango umefunguliwa, mzee kakaa juu ya kreti la soda anachemsha chai. Nikampungia mkono akanipungia. Nimestaafu miaka miwili, ila siku ile ndo nimeona nimestaafu.

Kurudisha gari hakukuwa na matatizo, dhamana tumepewa yote siku hiyo hiyo. Nawapa 7 kwa 10. Kitanda, jiko, injini, hayo safi, mapungufu ni sevisi ya umeme, stepu, na ulimi wa mwenyewe kwenye simu mteja akiwa na shida. Mzee keshaanza kuuliza ya mwezi wa saba mwakani, kaskazini safari hii, Mangapwani mpaka Nungwi, halafu Pemba tena. Nimekubali, ila nimemwambia kiboksi cha betri kifunguliwe mbele yangu kabla hatujatoa hela.