Diwani au mbunge: maji yakija, umgongee nani mlango?

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga, wilayani Kilwa. Kwa jambo kama hilo mlilie mbunge: barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu, na fedha zake hupitishwa bungeni Dodoma.

Mtaro wetu hapa Lindi ni habari nyingine. Juzi nimeuchungulia: makumbi ya nazi, chupa za plastiki, kandambili moja ya mtoto, na juu yake mtu keshamwaga kifusi ajenge banda. Hilo nalo liende bungeni? Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri na kutunga sheria ndogo, ikiwamo ya kuzuia ujenzi mabondeni. Tena diwani anajua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea. Shida yake ni mfuko mwembamba, na kura: mwenye banda ni mpiga kura wake.

Mbunge ana mfuko wa jimbo, na watu husahau kuwa naye ni mjumbe wa baraza hilohilo. Ila kalenda inamponza. Bunge la bajeti hukaa Dodoma Aprili hadi Juni, na Aprili ndiyo masika yenyewe.

Kwa hiyo mimi, mawingu yakianza kujikusanya, naanza kwa diwani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, basi namuuliza: ya kwetu imekaa lini mara ya mwisho?