Inama ya vitabu, Tom Mboya: nenda ukatafute vya sarufi

Walimu na wahariri wenzangu mnaoniuliza vitabu vyangu vya Kiingereza natoa wapi: natoa inama, yaani pale vinapouzwa chini mpaka uiname kuchagua, kwenye barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Hakuna kibao wala rafu. Vitabu vimetandazwa juu ya turubai, riwaya zimechanganyika na vya uhasibu, na vya sarufi viko nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mwambie muuzaji akuvutie.

Mimi huhariri ripoti za mashirika. Nina mteja ambaye kila sentensi yangu ikiishia na kihusishi (neno kama "of", "with" au "for"), anaizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni, "Hatukufundishwa hivi." Nilitaka sana kujua ni nani hasa aliyeanzisha sheria hiyo.

Hapo inama nikapata Modern English Usage ya H. W. Fowler, mwongozo wa matumizi ya Kiingereza uliotoka mara ya kwanza mwaka 1926. Jalada limepauka, lakini kurasa zote zipo. Muuzaji alianzia mia tano.

"Kaka, hiki si kimekaa hapa tangu mwaka jana?"

"Basi leta mia tatu, madam. Hapo sipati kitu."

Mia tatu kwa kitabu kile ni bure. Fowler anasema wazi kuwa katazo la kihusishi mwishoni ni ushirikina uliolelewa kwa mapenzi. Ukiufuata nyuma, unamkuta mshairi John Dryden, ambaye mwaka 1672 alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilohilo, Jonson akiwa amefariki miaka 35 kabla ya hapo. Halafu Dryden akaifungua upya insha yake mwenyewe ya 1668, na katika toleo la 1684 akaviondoa vihusishi mwisho wa sentensi, kimoja baada ya kingine. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 kwamba mtindo wa kumalizia na kihusishi unafaa mazungumzo, ila maandishi rasmi yapendelee ule wa kukitanguliza. Huo ulikuwa ushauri tu! Lakini mwaka 1795 Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia Uingereza, alichota mengi kwa Lowth akatoa kitabu cha shule kilichochapwa tena na tena, na watoto wakaukariri ushauri kama amri. Sisi tumeurithi hivyohivyo, na alama za wanafunzi wetu zinakatwa kwa ladha ya mtu mmoja wa karne ya 17. Hilo linaniudhi kweli.

Soma pia Fowler anapozungumzia kielezi kinachopenyezwa kati ya "to" na kitenzi. Anawagawa watu makundi matano, na wa kwanza, wasiojua wala kujali, anasema ndio wengi na wanaishi kwa raha. Ule ukurasa wa vihusishi niliupiga picha nikamtumia mteja. Sentensi ilipita.

Kasoro zipo. Vitabu vingine vina madoa ya mvua, na risiti hupati. Kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Kuna kamusi nilinunua inama nyingine, kufika nyumbani naona inaishia herufi W. Jioni usijaribu, watu wanaokimbilia matatu watakukanyaga. Jumamosi asubuhi ndiyo nzuri, na M-Pesa wanapokea.

Nyota nne. Nimemwachia muuzaji namba yangu anitafutie chapa yoyote ya kile kitabu cha Lowth, na ameahidi kunipigia mzigo mpya ukifunguliwa.