Treina janja ya baiskeli kwa mtu wa Dar: ya kuanza nayo, ya kuhamia, na ya kuiacha dukani

"Jirani, samahani, hivi mnasaga nini huko juu alfajiri?"

Aliyeniuliza ni mama wa ghorofa ya chini. Tulikutana ngazini, yeye na ndoo yake, mimi na begi la kazini, nikakosa pa kuficha uso. Treina yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kubana tairi la nyuma kwenye roli ya chuma, na tairi lenyewe lilikuwa la baiskeli ya milimani, lenye meno makubwa. Saa kumi na moja alfajiri, Sinza bado imelala, mimi niko juu nasaga. Hakuna muuzaji aliyewahi kunifanya nizisome habari za treina kwa makini kama yule mama.

Kwa asiyezijua: treina janja ni kifaa unachofungia baiskeli yako mwenyewe sebuleni, nacho kinaongeza au kupunguza uzito wa pedali kufuata programu iliyo kwenye simu au kompyuta. Ukifika mlimani kwenye kioo, pedali zinakuwa nzito. Ukiteremka, zinalegea. Njiani kote inapima nguvu yako kwa wati. Wenzetu wa Ulaya wanazinunua kuikimbia theluji. Sisi tunakimbia bodaboda inayokupita kushoto, daladala inayochomoka kituoni bila ishara, na masika ya Machi hadi Mei pale mtaa unapogeuka bwawa na huoni shimo liko wapi.

Ukisoma maelezo ya watengenezaji utadhani jambo kubwa ni usahihi wa wati na ukali wa mlima. Kwa hapa, mambo makubwa ni joto, umeme, na uzito wa boksi. Mpangilio wangu umefuata hayo matatu, na anayeishi Arusha ana haki ya kubishana nami.

Feni kwanza

Najua umekuja kusoma treina, lakini vumilia kidogo. Mwili wa binadamu unageuza kama robo tu ya nishati yake kuwa mwendo wa pedali, au pungufu ya hapo. Ukitoa wati 200, ambazo ni mazoezi ya kawaida kwa mtu mwenye pumzi, unazalisha wati 600 hadi 800 nyingine za joto tupu. Barabarani upepo wa kilomita 30 kwa saa unalibeba. Chumbani hakuna upepo, na mwezi wa pili hapa Dar hewa yenyewe imejaa maji kiasi kwamba jasho halikauki, linadondoka tu. Nimewahi kumwona jamaa mwenye treina ya zaidi ya milioni tatu akishuka baada ya dakika ishirini, macho mekundu, akidai mashine ina kasoro. Mashine ilikuwa nzima. Alikuwa amefunga madirisha kwa sababu ya mbu.

Nunua feni mbili za kusimama kabla ya kitu kingine chochote: moja ikupige kifuani, nyingine mgongoni. Moja ikiwa ya kuchaji ni bora zaidi, sababu utaiona mbele.

Na jasho lile lina chumvi. Nilikaa miezi minane bila kufuta baiskeli vizuri, nikaenda kwa fundi kubadilisha utepe wa usukani. Alipoufungua, unga mweupe ulimwagika mapajani mwake kama unga wa muhogo. Ilikuwa alumini ya usukani, imeliwa na chumvi, ina vishimo unavyoweza kuingiza ncha ya kucha. Fundi akaniangalia: "Kaka, huu ungekukatikia Bagamoyo Road." Tangu siku ile taulo moja linakaa juu ya usukani, jingine shingoni mwangu, na nikishuka nafuta kila boliti kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu.

Namba moja: KICKR CORE na ndugu zake

Hizi ni za kutoa gurudumu la nyuma kabisa na kukalisha fremu moja kwa moja kwenye treina, cheni ikazungusha gia zilizo juu ya treina yenyewe. Tairi halihusiki, kwa hiyo hakuna kusaga, hakuna harufu ya mpira, hakuna kujaza upepo kila siku. Kinachobaki ni mvumo wa mkanda ulio ndani ya treina na sauti ya cheni. Mama wa chini hajauliza tena.

Wahoo KICKR CORE ilitoka mwaka 2018. Inahimili wati 1,800, inaiga mwinuko wa asilimia 16, na kosa lake la kipimo ni asilimia 2 juu au chini. Hapo ndipo watu wanapobabaika: "Ya asilimia 1 si bora?" Piga hesabu. Kwenye wati 200, asilimia 2 ni wati 4. Ukinywa chai kabla ya mazoezi unabadilika zaidi ya hapo. Na wati 1,800 hizo wengi wetu hatutaziona maishani. Ukifika 1,000 kwa sekunde chache, tangaza kwenye grupu. Kuhusu mwinuko, Zwift, ile programu ya kuendesha baiskeli mtandaoni, yenyewe huja na ugumu wa treina umewekwa nusu, yaani mlima wa asilimia 10 unausikia kama wa 5 mpaka uende ukabadilishe. Asilimia 16 inakutosha na kubaki.

Ila uzito ndio ulioipa ushindi kwangu: karibu kilo 18. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la kilo 23, kwa hiyo ndugu anayerudi likizo anaweza kuileta kama mzigo wake wa kawaida, akibaki na nafasi ya viatu vyako. Ukiagiza kwa wakala wa mizigo, unalipa kwa kilo au kwa ukubwa wa boksi, halafu forodha, halafu VAT ya asilimia 18. Muulize wakala bei ya mwisho mpaka mlangoni, iandikwe, ndipo utume hela.

Ndugu zake ni wawili wa kuangalia. Zwift Hub ilitoka mwaka 2022 kwa dola 499 ikatikisa soko zima, kisha Zwift na Wahoo wakamaliza kesi yao mahakamani na Hub ikaondolewa madukani. Iliyotumika ukiipata kwa bei nzuri, chukua. JetBlack Victory ya Waaustralia ilikuja mwaka 2024 kwa dola 399 tu, na kwa anayeanza kutoka sifuri leo, hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza.

Jambo moja lililonigharimu: CORE yangu ilifika bila kaseti ya gia. Boksi zima, povu zima, na sehemu ya gia ni chuma kitupu kinang'aa. Sikuwa nimesoma. Kaseti niliipata, lakini kifungulio chake maalumu hakikuwepo, na fundi wa kwanza alikuwa tayari ameshika nyundo na bisibisi. Nikaokota treina yangu nikaondoka. Siku hizi kuna toleo la gia moja tu ya meno 14, linaloitwa Zwift Cog, ambapo gia zenyewe unabadilisha kwa kitufe kwenye usukani na treina inajifanya imebadilisha. Nililibeza mwanzoni, nikaliita la watoto. Lakini kwa nyumba yenye baiskeli mbili tatu za aina tofauti, mke ana yake na wewe una yako, ndilo la kununua, maana linapokea cheni za gia 8 mpaka 12 bila kubadilisha kitu.

Namba mbili: Tacx NEO 2T, kwa ajili ya TANESCO

Treina nyingi umeme ukikatika zinakuwa kama pedali zimeng'oka: uzito wote unapotea katikati ya mlima na miguu inazunguka hewani. NEO 2T haina mkanda. Inatumia sumaku, na miguu yako mwenyewe inazalisha umeme wa kuiendesha. Mtaa mzima ukiingia giza, unaendelea. Inaendelea hata kutuma wati zako kwenye simu. Unachopoteza ni ule uwezo wa kukusukuma kwenye mteremko, ambao unahitaji waya. Haihitaji kupimwa upya kila mara, inafika mwinuko wa asilimia 25, na ni kimya kuliko feni yako. Hapo ile feni ya kuchaji inaanza kulipa.

Kwa nini basi si namba moja? Bei, kwanza: ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa dola 1,399. Pili, ina kilo 21.5 kabla ya boksi, kwa hiyo kwenye begi la kilo 23 haipiti. Na ukweli ni kwamba UPS ndogo ya kompyuta inabeba treina ya kawaida pamoja na ruta ya intaneti kwa muda wa kumaliza kipindi chako. Mimi ndivyo ninavyofanya. Ila kwa anayekaa kule umeme unakokatika kila siku ya Mungu, na mfuko unaruhusu, NEO haina mpinzani.

Tahadhari ya treina zote za waya: adapta yake iwe imeandikwa 100 hadi 240V, na iweke nyuma ya kile kilinda friji ulichonacho jikoni. Umeme unaporudi huwa unarudi na hasira.

Namba tatu: za kubana tairi

Sizichukii, pamoja na yaliyonikuta. KICKR SNAP inafika wati 1,500 na mwinuko wa asilimia 12; Tacx Flow inaishia wati 800 na asilimia 6, na kosa lake la kipimo ni asilimia 5. Zinafaa watu wa aina mbili. Kwanza ni yule ambaye hajui kama atadumu. Iliyotumika ya aina hii ni rahisi kuipata na ni rahisi kuiuza. Pili ni mwenye baiskeli ya mtumba ya zamani. Fremu nyingi za chuma za gia sita au saba zina upana wa milimita 126 kule nyuma, wakati treina za kutoa gurudumu zinataka 130 au 135. Fundi anaweza kuutanua uma wa nyuma wa chuma kwa uangalifu; wa alumini asiuguse.

Ukichukua hii, toa tairi la meno, weka laini. Jaza upepo uleule kila siku. Endesha dakika kumi ipate moto, ndipo uipime upya kwa programu yake, vinginevyo wati za jana na za leo hazilingani. Weka na mkeka mzito wa mpira chini. Phoenix ya babu iache hapohapo ukutani, nati zake hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Namba nne na tano, kwa kifupi

KICKR kubwa, ile ya wati 2,200 na usahihi wa asilimia 1, ni mashine safi. Toleo la 2022 lina Wi-Fi na linajipima lenyewe. Lakini lilizinduliwa kwa dola 1,299, na tofauti yake na CORE kwa mtu asiyeshindana ni kama tofauti ya sahani ya kaure na ya melamini: pilau ni ileile. Baiskeli janja nzima, zile za kukaa sebuleni bila baiskeli yako, sizipendekezi kwa Dar. Kifaa kidogo kikiharibika, unabaki na samani ya mamilioni inayosubiri spea kutoka ng'ambo.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine

Kutoka ya tairi kwenda ya kutoa gurudumu, hama bila kujiuliza ukishamaliza miezi mitatu bila kuacha. Kutoka CORE kwenda KICKR kubwa, subiri mkanda ukatike kwanza, na hata ukikatika, badilisha mkanda. Fedha unayotaka kuiongeza ina kazi nyingine: ada ya Zwift ni dola 19.99 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka inakaribia nusu ya bei ya Hub ilipokuwa mpya. MyWhoosh, programu ya aina hiyohiyo, ni ya bure kabisa na si ya kubahatisha, kwani mashindano ya dunia ya baiskeli mtandaoni ya mwaka 2024 yaliendeshwa humo. Anza nayo.

Zilizotumika huibuka pale wageni wa Masaki na Oysterbay wanapomaliza mikataba yao na kufungasha. Ukienda kuangalia, nenda na baiskeli yako na simu yenye programu ya mtengenezaji. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la treina, kwa mkono kabla ya kuwasha, uisikilize ikitulia: mvumo ni sawa, kugonga si sawa. Shika sehemu ya gia uitikise kulia na kushoto, isicheze. Unganisha na simu, muuzaji akiwa pale, usikubali "ilikuwa inashika jana". Kisha panda, kaza mpaka wati 250, nusu dakika, unuse. Mkanda unaoteleza unanuka kabla haujalia. Nilipomnunulia shemeji yangu treina iliyotumika, muuzaji alikuwa ameshaifunga kwenye boksi na utepe, anasema nimwamini. Nikamwomba wembe.