Acrolite au Supraphonic? Uzoefu wangu wa snea kongwe za metali hapa Unguja

Ukitaka snea kongwe ya metali (ngoma fupi ya drumseti, yenye waya chini ya kiwambo cha pili) na mfuko una kikomo, chukua Acrolite ya kampuni ya Ludwig, ya inchi 14 kwa 5, uiache Supraphonic yenye kromu. Nasema hivi kwa mpigaji wa Unguja au Pemba, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Aliyeko Chicago, kilipokuwa kiwanda cha Ludwig enzi hizo, anaweza kuamua vyengine.

Mbili hizi ni ndugu. Supraphonic LM400 na Acrolite za miaka ya 1960 na 1970 zina mzinga, yaani kiwiliwili cha ngoma, wa aina moja: alumini isiyo na kiungo, yenye tuta linalozunguka katikati. Supraphonic ina lagi 10 za kupokea skrubu, na mzinga umepakwa kromu. Acrolite ina lagi 8, na alumini yake haikupakwa metali nyengine, imetiwa tu umeme kiwandani ikashika ngozi ngumu ya kijivu. Ilikusudiwa wanafunzi, ndiyo maana kwa kawaida inauzwa chini ya Supraphonic ya umri huo huo. Ukizipa viwambo sawa na waya sawa, aliyekaa mstari wa tatu hazitenganishi: sauti kavu, inayojibu haraka hata ukigusa kwa ncha ya fimbo, bila mlio mrefu nyuma yake. Lagi 10 faida yake ni pale unapokaza juu sana, maana mvuto unagawika sehemu nyingi. Kwa mkazo wa kati, ambao ndio wa taarab ya kisasa na bendi za hoteli, lagi 8 zinatosha, na mie naona zinaiacha ngoma ipumue zaidi.

Sasa kromu. Alumini ikikutana na hewa hujifunika oksidi papo hapo, na juu ya oksidi hiyo kromu haishiki vizuri. Pakishapatikana kitundu kidogo, unyevu wenye chumvi hupenya chini ya kromu, alumini ikaanza kuliwa na kutoa unga mweupe, na unga huo ukaisukuma kromu juu kama malengelenge. Hata Supraphonic nyingi zilizokaa kwenye hewa kavu zina vidoa hivi. Hapa kwetu, masika mawili matatu ndani ya mfuko wenye unyevu yanatosha kuvifanya mabaka. Usikubali kuambiwa "itasuguliwa itoke". Ukisugua unabandua zaidi. Vidoa haviharibu sauti mpaka vifike kwenye ukingo kiwambo kinapokaa, kwa hiyo Supraphonic yenye mabaka ubavuni, ikiuzwa kwa bei ya Acrolite, ni ya kununua bila kusita. Kwa bei kamili, hapana.

Ipo Supraphonic nyengine ambayo wauzaji hupenda kukutajia: za mwanzo, kabla ya alumini kushika nafasi mnamo 1963 na 1964, zilikuwa shaba njano iliyopakwa kromu. Bei yake ni ya juu sana, na kila mwenye ngoma yenye beji ya miaka ya 1960 anadai anayo. Sumaku haikusaidii hapa kwa sababu haivuti shaba wala alumini. Inakukamatia chuma tu. Pima uzito, shaba ni nzito waziwazi. Kisha fungua kiwambo kimoja, utazame kwenye matundu ya skrubu kwa ndani: umanjano ni shaba, weupe wa fedha ni alumini. Nambari ya beji usiitegemee kupata mwaka kamili, Ludwig hawakuzipanga kwa mfuatano.

Shaba ina sauti nene na kubwa, na mlio unakaa. Slingerland Gene Krupa Sound King na Rogers Dyna-Sonic, snea za kampuni nyengine za Marekani, zile za miaka ya 1960 zilizopakwa kromu ni za shaba, na zote mbili nazipenda kwa sikio kuliko Acrolite. Lakini Dyna-Sonic waya zake zimefungwa kwenye fremu yake maalumu, na ngoma nyingi zinauzwa fremu hiyo imepotea. Kuitafuta peke yake ni ghali. Sound King ina mkono wa Zoomatic, ule wa kukaza na kulegeza waya, unaochakaa, na kipuri hukipati Darajani. Premier za Uingereza ni nzuri, ila za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 vipimo vyake vimepishana kidogo na vya leo na kiwambo cha kawaida hakiingii. Skrubu zake pia uzi wake haulingani na wa Kimarekani.

Kwa beni inayotembea mitaani usinunue hata moja kati ya hizo. Chukua ya chuma ya Kijapani, Pearl au Tama ya miaka ya 1970. Chuma kina mlio mkali unaokata kelele za watu na matarumbeta, na ikianguka hulii. Ndani ya vyumba vya Mji Mkongwe, kuta za mawe zinaurudisha ukali huo mpaka masikio yaume. Hapo bandika kipande cha tepu ya kitambaa juu ya kiwambo, karibu na ringi, lile duara la metali linalokishika.

Kabla hujalipa, vua ringi zote mbili uzilaze juu ya kioo au marumaru: zikicheza zimepinda. Pima kipenyo cha mzinga pande nne. Tofauti ikipita milimita 2, kiwambo hakitakaa sawa na hakuna mkazo utakaoirekebisha. Ingiza kila skrubu kwa mkono, inayokwama nusu njia uzi wake umekufa. Gonga mzinga mtupu kwa kidole. Ukisikia mlio wa kitu kinachotikisika, ni springi zilizomo ndani ya lagi. Vua lagi, tia pamba, funga. Mkono wa waya wa P-85 ulioko kwenye Ludwig nyingi za miaka ya 1970 hulegea wenyewe ukipigwa kwa nguvu, kwa hiyo ujaribu kwa kupiga, usitosheke na kufungua na kufunga.

Kuwamba: juu kiwambo cheupe cha tabaka moja chenye unene wa milimita 0.25, chini kile chembamba cha snea cha milimita 0.08, waya 20. Kaza kwa vidole kwanza, halafu nusu mzunguko kwa kuvukisha kutoka upande mmoja hadi wa pili unaoukabili. Cha chini kikazwe kuliko cha juu. Waya zikivuma wakati besi inapiga, legeza skrubu mbili za chini zilizo pande mbili za pale waya zinapopita ukingoni kwa robo mzunguko kabla hujazilaumu waya zenyewe.

Baada ya onyesho la nje, Ngome Kongwe au ufukweni, futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kausha, kisha paka nta ya gari mara moja moja. Siki na ndimu zisikaribie kromu. Skrubu zipakwe vaselini au grisi. Mafuta ya nazi hunasa vumbi. Mfuko ukirudi umelowa mvua, ngoma itolewe usiku ule ule.